Alama ya kiganja kwenye bunduki iliyomuua Kennedy: tujadili ushahidi wenyewe

Kuchele (Mtwara Mjini)

Wakuu, habari za jioni.

Jana kwenye kahawa tulibishana mpaka muuzaji akazima jiko na kukusanya vikombe vyake, sisi bado tumekaa. Mada ilikuwa mauaji ya Kennedy. Jamaa yangu mmoja alisema kesi ile haina utata: alama za Oswald zilikutwa kwenye bunduki, na alama ya kidole haisemi uongo. Nilimbishia, lakini hoja zilikuwa hazijakaa sawa kichwani. Usiku nimezipanga, nazileta hapa. Naomba tubaki kwenye alama. Habari za CIA, mafia na Castro zina nyuzi zake.

Niseme kwanza ninapotokea. Nasajili laini za simu karibu na stendi. Tangu Mei 2019, usajili ulipohamia kwenye alama za vidole, kutwa nashika mikono ya watu: nafuta kioo cha mashine, nakandamiza kidole, nasubiri jibu. Kwa hiyo suala hili kwangu si la kusoma tu.

Sasa mambo ambayo hayana ubishi. Rais John F. Kennedy alipigwa risasi Dallas tarehe 22 Novemba 1963, miezi 4 tu baada ya kumpokea Mwalimu Nyerere Ikulu ya Washington. Ghorofa ya 6, kwa hesabu ya Wamarekani, ya ghala la vitabu liitwalo Texas School Book Depository, polisi walikuta bunduki ya Kiitaliano, Mannlicher-Carcano ya milimita 6.5, namba C2766. Ilikuwa imeagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago kwa jina la A. Hidell, dola 21.45 pamoja na usafirishaji, ikatumwa kwenye sanduku la posta la Lee Harvey Oswald. Huyu Oswald alikuwa mfanyakazi wa ghala hilohilo.

Luteni J. C. Day wa polisi wa Dallas aliipaka poda nyeusi. Karibu na kifyatulio aliona alama hafifu, akazipiga picha. Halafu akafungua ubao wa mbele, na chini ya mtutu, mahali ambapo mkono haufiki bunduki ikiwa imefungwa, akaona alama ya kiganja. Akaweka utepe wa gundi, akainyanyua alama, akaibandika kwenye kadi. Hakuwa ameipiga picha ikiwa bado kwenye chuma. Kabla hajamaliza, amri ikaja aache kazi, bunduki ikabidhiwe FBI. Ikasafiri kwa ndege usiku uleule kwenda Washington.

Tarehe 23 Sebastian Latona wa FBI, bingwa wao wa alama zisizoonekana kwa macho, akaichunguza. Zile za kifyatulio akasema ni hafifu mno, hazilinganishiki. Chini ya mtutu hakuona alama, wala dalili kwamba kuna mtu amewahi kupaka poda pale. Kadi ya Day ilibaki Dallas. Ilifika Washington tarehe 29 Novemba. Siku 7 baadaye! Ikalinganishwa: kiganja cha kulia cha Oswald. Na Oswald wakati huo alikuwa keshauawa na Jack Ruby tarehe 24 na kuzikwa tarehe 25.

Mimi nakubali kiganja ni cha Oswald. Ninachouliza ni zile siku 7. Kadi ile ingeletwa kwenye mahakama yetu hapa Mtwara, wakili wa utetezi angeiacha ipite?

Mwana wa Ng'apa (Lindi)

Mkuu umeandika vizuri lakini umeogopa kusema mwisho wake. Alama ile ilipandikizwa. Mhudumu wa maiti kule Fort Worth alisimulia miaka mingi baadaye kwamba maofisa walikwenda na vifaa vya kuchukulia alama, wakabaki na maiti ya Oswald, na yeye akalazimika kusafisha wino mikononi mwa marehemu. Mtu ambaye polisi walishamchukua alama akiwa hai, maiti yake unaiendea na wino kutafuta nini?

Halafu ongeza hili: bunduki ilirudishwa Dallas tarehe 24. Mtutu upo Dallas, maiti iko Fort Worth, mwendo wa chini ya saa moja. Siku chache baadaye kadi inaibuka. Hesabu zenyewe zinajieleza.

Mstaafu wa Shangani

Vijana wangu, nimesoma yote. Nimefanya kazi ya kulinganisha alama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nina haki ya kusema mawili matatu.

Mwana wa Ng'apa, wino na poda ni vitu viwili tofauti. Alama ya wino ni mchapo wa rangi kwenye karatasi. Alama iliyonyanyuliwa ni poda iliyoganda kwenye jasho na mafuta ya ngozi, na utepe unapoitoa unatoka na sura ya pale ilipokuwa. Chuma kina mikwaruzo na vishimo. Tume ya Warren, iliyoundwa kuchunguza mauaji yale, nayo ilipata wasiwasi huu unaousema, ikauliza, na Septemba 1964 FBI ikajibu kwa maandishi: kasoro za chuma zilizoonekana kwenye kadi ya Day zinalingana na kasoro za mtutu wa C2766, mahali palepale. Kwa hiyo kadi ile ilitoka kwenye mtutu ule. Tume pia haikuridhika na FBI peke yao, ikamwita Arthur Mandella wa polisi wa New York, naye akasema kiganja ni cha Oswald.

Sasa utaniambia walipeleka mkono wa maiti kwenye mtutu. Nimewahi kuchukua alama za maiti. Vidole vimekakamaa, unavinyoosha kimoja kimoja kwa nguvu, na kiganja ndicho kigumu kuliko vyote kwa sababu katikati pamebonyea. Kukizungusha kwenye bomba jembamba la chuma ukapata alama safi ya kutosha, mimi nisingeweza.

Lakini sitamtetea Day kwa kila kitu. Kosa la kwanza tulilokuwa tunagombezwa nalo kazini ni kunyanyua kabla ya kupiga picha. Picha ndiyo inayomwonyesha hakimu kwamba alama ilikuwa hapa, kwenye kitu hiki, kwa upande huu. Ukinyanyua bila picha, umebaki na neno lako. Na liko jambo lingine linalonisumbua zaidi. Utepe unaweza kuondoka na poda yote, hilo lingeeleza kwa nini Latona hakuona kitu. Ila Day mwenyewe aliiambia Tume kwamba baada ya kunyanyua bado aliiona alama kwenye mtutu, na alidhani FBI wangeiona. Hayo mawili hayakai nyumba moja. Nimeyafikiria miaka mingi sijayapatanisha.

Kuchele

Shikamoo mzee. Hapo pa picha ndipo ninaposhikilia. Sisemi Day ni mwongo. Kadi yake ina tarehe 22 Novemba kwa mwandiko wake na namba ya bunduki, na huenda kila alilosema ni kweli. Lakini mnyororo wa utunzaji wa kielelezo umewekwa ili mahakama isilazimike kujua kama polisi ni mkweli au mwongo. Karatasi iseme: nani alikishika, saa ngapi, akamkabidhi nani. Bunduki yenyewe inapanda ndege usiku ule, kadi moja, iliyo nzito kuliko zote, inabaki kwenye ofisi ya Dallas. Tunaambiwa tumwamini.

Binti Mbanguaji (Newala)

Habari zenu wakubwa. Mimi nataka kuuliza upande wa pili. Mnajadili alama iliyopatikana, vipi kuhusu zile ambazo hazikupatikana?

Mama yangu amebangua korosho tangu sijazaliwa. Mnajua mafuta ya ganda yanavyounguza. Hata ukijipaka majivu au mafuta ya kupikia, baada ya miaka ngozi inajichubua na kurudi laini. Vidole vyake vya kushikia korosho vinang'aa kama upande wa ndani wa kifuu, na kwenye kucha kuna weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Alipokwenda kusajili laini kidole gumba hakikusoma. Cha shahada hakikusoma. Yule kijana akawa anamfuta kwa kitambaa, anampulizia, anamwambia "mama, kandamiza", watu nyuma kwenye foleni wanaguna, na mama anajifuta kwenye khanga kana kwamba ni mchafu. Nilisimama pembeni nikaona aibu ambayo haikuwa yake. Vilipojaribiwa vyote kilisoma kimoja tu, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kwa sababu ndicho kisichogusa korosho.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "kama angeshika bunduki zingejaa alama" namkumbuka mama. Mikono yake imeshika kila kitu ndani ya nyumba yetu, na kwa mashine haipo.

Kuchele

Dada, nimekutana na akina mama hao kila wiki na sijawahi kuliweka jambo hili kwa maneno kama ulivyoliweka. Mama yako apewe pole, na siku akipita Mtwara Mjini aje kwangu, nina subira.

Jibu la swali lako lipo kwenye ushahidi wa Latona. Aliiambia Tume kwamba bunduki ile ilikuwa ya hali duni, mbao na chuma chake si laini, vinanyonya unyevu, na hakushangaa kukosa alama nzuri. Mtu anaweza kushika silaha kama ile nusu saa asiache kitu cha kulinganisha. Kwa hiyo wanaosema "alama ni chache mno, basi hakuishika" nao wanakosea kama jamaa yangu wa kahawa, ila kwa upande wa pili.

Na zile za kifyatulio zina hadithi yake. Mwaka 1978, Kamati ya Bunge la Marekani ilipofufua kesi, mtaalamu Vincent Scalice alisema hazitoshi. Mwaka 1993 akapewa picha zaidi, zilizosafishwa kwa mwanga tofauti tofauti, akasema ameona nukta 18 (mahali tuta la ngozi linapoishia au kugawanyika) zinazolingana na Oswald. Mtaalamu mwingine aliyekuwa FBI akaziangalia mwaka huohuo akakataa: si safi. Alama haikubadilika kati ya 1963 na 1993. Kilichobadilika ni picha, na jicho.

Mwana wa Ng'apa (Lindi)

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto! Dada umenikumbusha jambo kubwa.

Pale dirishani, ghorofa ya 6, kulikuwa na maboksi ya vitabu. Mwaka 1998 Nathan Darby, mtaalamu wa alama aliyekuwa na cheti na aliyefanya kazi polisi wa Austin, alikula kiapo kwamba alama moja ya boksi isiyo na mwenyewe inalingana na kidole cha mwisho cha kushoto cha Malcolm Wallace. Wallace ni nani? Mtu aliyekuwa karibu na watu wa Lyndon Johnson, makamu aliyerithi urais wa Kennedy; mtu aliyetiwa hatiani 1952 kwa kuua mtu Austin na akapewa kifungo cha nje. Kwa kuua! Darby alianza na nukta 14, baadaye akafika zaidi ya 30. Na alisema hakuambiwa kadi aliyopewa ni ya nani. Mstaafu, nukta 14 ulipokuwa kazini ulikuwa unazikataa?

Mstaafu wa Shangani

Nukta 14 nzuri nisingezikataa. Nukta 14 mbovu nimezikataa mara nyingi, na nimenuniwa na wapelelezi kwa ajili hiyo.

Shida ya Darby ni nakala. Alifanyia kazi nakala za picha, upande mmoja alama hafifu ya boksi, upande mwingine kadi ya wino ya 1951. Nakala inaongeza vitu na kupunguza. Kila tuta la ngozi linalokatika kwenye nakala linaonekana kama mwisho wa tuta, na mwisho wa tuta ni nukta. Unahesabu kasoro za mashine. FBI walipopelekewa walisema hailingani. Mwaka 2016 zilitolewa matokeo ya mtaalamu mwingine mwenye cheti, aliyetumia picha bora kutoka Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, naye akasema si Wallace. Na tofauti moja tu isiyoelezeka inatosha kuangusha nukta 30. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ile na ndiyo inayosahaulika kwanza.

Usifikiri nasema wa serikali hawakosei. Mei 2004 tulipata fedheha sisi sote tunaofanya kazi hii duniani. Baada ya mabomu ya treni za Madrid, alama iliyokuwa kwenye mfuko wa plastiki wenye vifaa vya kulipulia mabomu ililinganishwa na FBI, wakamkamata wakili wa Oregon, Brandon Mayfield. Wataalamu 3 wa FBI walikubaliana. Mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama kwa ajili ya utetezi naye akakubali. Polisi wa Hispania walikuwa wamesema mapema kwamba haiko sawa, na mwishowe wakampata mwenyewe, raia wa Algeria. Mayfield aliachiwa, na mwaka 2006 serikali ikamlipa dola milioni 2 na kumwomba radhi. Mtambo wa FBI wa kutafuta alama ulikuwa umetoa majina 20 yanayokaribiana. Ukitafuta kwenye mamilioni ya vidole utapata pacha wa karibu, na jicho likishamwona pacha halioni tena tofauti.

Ndiyo maana naiangalia habari ya Malcolm Wallace kwa mashaka. Watu walikuwa na jina, wakatafuta kidole cha kulivika.

Kuchele

Mzee, kwa kipimo hichohicho, Dallas nako jina lilitangulia. Oswald yuko mahabusu tarehe 22, alama inalinganishwa tarehe 29. Linganisha na Memphis. Martin Luther King aliuawa 4 Aprili 1968, bunduki na darubini vikaachwa mlangoni kwa watu pamoja na alama, na FBI hawakuwa na mtu. Walianza kupekua kwa mikono rundo la kadi za watoro, zaidi ya 50,000, na tarehe 19 Aprili wakafika kwa James Earl Ray, mfungwa aliyetoroka gereza la Missouri. Pale alama ilizaa jina. Mimi naona ile ina uzito mwingine kabisa.

Na hayo maboksi tusiyaache. Alama za Oswald zilikuwepo kwenye maboksi 2, lakini kushika maboksi ndiyo ilikuwa ajira yake, na Tume yenyewe ilikiri kwamba kwa hilo peke yake hakuna kinachothibitika. Zaidi ya zake, alama 25 zilikuwa safi za kutosha kulinganishwa: 24 ni za polisi mmoja na karani mmoja wa FBI walioyashika maboksi baadaye. Moja, ya kiganja, haikupata mwenyewe. Hebu fikirini, eneo la mauaji ya rais, na mikono iliyojaa kuliko yote ni ya wachunguzi.

Mwambao

Samahani wakuu, mbona Kennedy tu? Sisi watu wa kusini tuna mauaji yetu. Eduardo Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam 3 Februari 1969, na vita yake ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu hapo. Baba yangu aliwaona wakimbizi wa Kimakonde wakivuka.

Mstaafu wa Shangani

Umesema kweli kijana, na ile ina haki ya uzi wake. Nikuambie tu kwa upande wa kazi: Mondlane aliuawa na bomu ndani ya kifurushi cha kitabu. Kifurushi kimepita posta, kimeshikwa na kila mtu, halafu kimelipuka. Kwa mtu wa alama, kesi ya namna hiyo ni ngumu kuliko bunduki iliyokutwa nzima.

Mwana wa Ng'apa (Lindi)

Kuchele, jibu moja kwa moja. Una imani Oswald alipiga au hakupiga?

Kuchele

Naamini bunduki ilikuwa yake na aliishika ikiwa imefunguliwa. Karatasi za manunuzi zinasema hivyo, mwandiko unasema hivyo, kiganja kinasema hivyo. Mfuko wa karatasi uliookotwa pale juu nao ulikuwa na kidole chake cha shahada cha kushoto na kiganja cha kulia. Kuhusu nani alivuta kifyatulio saa 6 na nusu mchana tarehe 22, kiganja kile hakijui. Mtu aliweza kukiacha pale wiki kabla, akiifunga bunduki nyumbani. Hilo ndilo jamaa yangu wa kahawa hataki kulisikia, na ndilo linaloniuma mimi, kwa sababu limenipita nyumbani.

Shangazi yangu, dada wa baba, ana mikorosho huko Nanyamba. Hajui kusoma. Msimu mmoja alipeleka magunia yake, akapimiwa, akaambiwa malipo yatakuja. Mtu wa chama, sitakitaja, akampelekea fomu nyumbani ili "kuharakisha". Fomu haikuwa na kitu, mistari tu. Akamshika mkono, akamchovya kwenye wino wa zambarau, akamgandamiza chini kwenye kona. Wiki kadhaa hela haikuja. Alipokwenda kuuliza akatolewa fomu ileile imejaa: kilo zake, kiasi, na kwamba amepokea zote taslimu.

Nilimsindikiza mimi. Nilikuwa bado sijaanza kazi ya laini. Wakaleta na kadi yake ya kupigia kura... hapana, daftari la wanachama, wakaweka dole na dole. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kovu lake la panga linavyokata matuta katikati, sehemu zote mbili. Mwenyekiti akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa: mama, hili si dole lako?

Shangazi akaliangalia muda mrefu. Akasema, langu.

Ikaishia hapo. Hakulipwa mpaka leo.

Mstaafu wa Shangani

Pole sana kijana. Fomu ile ilikuwa na tarehe?

Kuchele

Ilikuwa nayo mzee. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Maelezo mengine yote yalikuwa ya kalamu nyeusi.